Udongo wa Kiomboi Nao Upimwe Pumzi

Vitabu vyetu vya shule aghalabu hueleza kwamba udongo ni mchanganyiko wa chembechembe za mawe yaliyosagika, maji, hewa, na mabaki ya mimea na wanyama. Maelezo hayo si ya uongo, bali yana upungufu mkubwa, kwa kuwa huwaacha nje wakazi wenyewe. Ni sawa na mtu kuueleza mji wa Kiomboi kwa kutaja matofali, mabati na barabara ya kwenda Misigiri, kisha akanyamaza kuhusu watu. Katika kijiko kimoja cha chai cha udongo wa shamba lenye afya huweza kupatikana bakteria mamia ya mamilioni, pamoja na kuvu, protozoa na minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Hao ndio wapishi wa shamba. Mmea hauli samadi wala majani makavu. Hula kile ambacho wapishi hao wamekwisha kukichambua na kukiyeyusha. Inasikitisha kwamba neno "vijidudu" limechafuliwa na mabango ya zahanati, hata mwanafunzi akilisikia hufikiria kuhara tu.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa utekelezaji wake wataka bidii. Mkulima anapoletewa majibu ya upimaji wa udongo, kwa kawaida huambiwa mambo manne: nitrojeni ni kiasi gani, fosforasi kiasi gani, potasiamu kiasi gani, na kama udongo una asidi. Hayo ni mambo ya ghala. Tunahesabu magunia yaliyomo ndani. Swali la tano, yaani kama ghala lina watumishi walio hai, na kama watumishi hao wana chakula, halimfikii. Nadai kwamba swali hilo laweza kujibiwa pale pale Kiomboi na wanafunzi wa kidato cha tatu, kwa vyombo vilivyomo katika maabara ya kawaida ya kemia, na kwamba jibu lake lingewafaa wakulima wa Iramba kuliko mengi tunayowaandikia sisi wa vyuo vikuu.

Kwanza tuitazame ardhi yenyewe. Mtu akiondoka uwanda wa juu wa Iramba akashuka polepole kuelekea bonde la Wembere, ataona udongo ukibadilika chini ya miguu yake. Juu kuna mchanga mwekundu au wa kijivu, mwepesi kwa jembe. Chini kuna mfinyanzi mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliupa mpangilio wa namna hiyo jina la "katena", maana yake mnyororo, mwaka 1935. Neno hilo hufundishwa leo katika vyuo vikuu vya dunia nzima, na ni vyema wanafunzi wetu wajue kuwa lilizaliwa kutokana na udongo wa Afrika Mashariki.

Mfinyanzi wa mbuga una uwezo wake wa asili wa kushika maji na virutubisho. Mchanga wa juu hauna. Chembe ya mchanga ni kokoto ndogo tu: maji huipita, na chumvichumvi za mbolea huipita pamoja na maji. Katika mchanga, kazi ya kushika hufanywa na mboji, yaani yale mabaki ya mimea, samadi na vijidudu waliokufa, yaliyooza mpaka yakawa meusi na kusahau umbo lake la kwanza. Mboji hunyonya maji, hukamata virutubisho visizame, na hugandisha chembe za mchanga kuwa vibonge vidogo ambavyo mvua haivichukui kwa urahisi. Tena ndiyo chakula cha vijidudu. Katika mchanga wa nyanda kame uliolimwa miaka mingi, kaboni ya mboji mara nyingi haifiki sehemu 1 katika 100 za uzito wa udongo. Mwenye mtungi uliojaa akimwaga kikombe kimoja hajali. Mwenye kikombe kimoja tu chini ya mtungi hapana budi ajali.

Nayo mboji ya Iramba ina njia nyingi za kutokea na chache za kuingilia. Mvua ni ya msimu mmoja, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na baadaye hufuata kiangazi kirefu. Mavuno yakiisha, mabua huliwa na ng'ombe, mengine huwa kuni, na yanayobaki huchomwa moto ili shamba lionekane safi. Plau huupindua udongo na kuingiza hewa, vijidudu wakapata nguvu ya kula mboji upesi. Kisha mvua kubwa ya kwanza huukuta udongo uchi, nayo huanza kuondoa tabaka la juu, ambalo ndilo lenye mboji nyingi zaidi.

Liko jambo jingine ambalo sioni likizungumzwa vya kutosha, nalo ni la alizeti, zao linaloupa mkoa wa Singida sifa nchini. Mafuta ya alizeti yameundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Vitu hivyo vyote mmea uliviokota hewani na majini kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo mkulima akiuza mafuta peke yake, hajauza rutuba ya shamba lake hata chembe. Rutuba imo katika mashudu. Humo ndimo ilimo protini, na protini haiundwi bila nitrojeni. Humo pia ndimo ilimo fosforasi iliyovutwa na mizizi kutoka ardhini. Magunia ya mashudu yanapopakiwa kwenye malori kwenda kulisha mifugo ya mbali, kinachosafiri ni udongo wa Iramba uliobadilishwa sura. Sisemi mashudu yasiuzwe, wala siwalaumu wenye mashine za kukamulia. Kila mtu ana ada ya shule ya kulipa. Nasema tu kwamba shudu lililoliwa na ng'ombe wa Kiomboi, kisha samadi yake ikarudishwa shambani, na shudu lililoondoka, si bei moja hata kama mnunuzi anatoa fedha ile ile. Tofauti hiyo haimo katika hesabu za sokoni kwa sababu hakuna aliyeipima shambani.

Samadi yenyewe si jambo la kufundishwa na wageni. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Harold Schneider, katika kitabu chake juu ya Wanyaturu kilichotoka mwaka 1970, alieleza jinsi kilimo cha nafaka cha majirani zetu hao kilivyotegemea mbolea ya ng'ombe. Lakini samadi iliyolundikwa juani bila kifuniko hupoteza nitrojeni yake hewani. Ile harufu kali ya amonia inayochoma pua zizini ni mbolea inayopaa. Vilevile ng'ombe aliyekula mabua matupu hutoa samadi maskini. Kwa hiyo kusema "tia samadi" bila kuuliza ni samadi gani ni sawa na kusema "kunywa dawa".

Hapa sina budi kugusa ubishi unaosikika katika semina nyingi. Wako wanaoshika kwamba mbolea ya dukani huua udongo, na wako wanaoiona samadi kuwa mambo ya kizamani. Pande zote mbili zimesahau kuuliza wapishi. Mkulima anapotia yurea, mmea haupokei nitrojeni hiyo mpaka kwanza kimeng'enya kilichotokana na vijidudu kiivunje kuwa amonia, na sehemu kubwa ya amonia hiyo baadaye hugeuzwa na bakteria wa aina nyingine kuwa naitreti, kazi ambayo Mrusi Sergei Winogradsky aliieleza karibu na mwaka 1890. Hata mbolea ya kiwandani, basi, hupitia jikoni kwao. Na naitreti ikishapatikana katika mchanga usio na mboji wala mizizi ya kutosha, mvua nzito ya Januari huisukuma chini isikofikiwa. Fedha ya mkulima imezama, na fedha ya serikali pia, maana tangu msimu wa 2022/23 mbolea hiyo hutolewa kwa ruzuku.

Katika jaribio la muda mrefu lililoanzishwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1976, mashamba yaliyopewa mbolea ya dukani pamoja na samadi ndiyo yaliyotoa mahindi mengi zaidi. Hilo ni la kutia moyo. Lisilotia moyo ni kwamba mboji ilizidi kupungua katika vipande vyote vya jaribio, ila ilipungua kwa mwendo wa polepole zaidi palipowekwa samadi. Udongo wa Kabete ni mwekundu, mzito na wenye asili ya rutuba. Ikiwa huko hali ni hiyo, mchanga wa Kinampanda au Ndago hauna akiba ya kuchezea. Wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja mwaka 2006 walizungumzia kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Walipokutana tena Nairobi mwezi Mei 2024, maneno "afya ya udongo" yalikuwa yameingia hata katika jina la mkutano. Afya, lakini, haitangazwi. Mgonjwa hupimwa.

Ipimweje? Jibu moja lilipatikana Muguga, nchini Kenya, ambako mtafiti H. F. Birch alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo na misitu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Birch alichapisha matokeo ya jambo ambalo kila mkulima wa nyanda kame amekuwa akiliona bila kulipa jina. Udongo uliokauka kabisa ukiloweshwa, huanza kupumua kwa nguvu mara moja: vijidudu waliosalimika huamka, huwala wenzao waliokufa kwa ukame na mboji iliyolegezwa na ukavu, wakatoa kaboni dayoksaidi kwa wingi na kuachia nitrojeni. Baada ya siku chache pumzi hiyo hushuka. Ndiyo maana mbegu inayokuwa tayari ardhini mvua ya kwanza inapodondoka huifaidi nitrojeni hiyo, na inayochelewa wiki mbili au tatu hukuta karamu imekwisha. Wazee wanaopanda udongo ukiwa ungali mkavu hawakumsoma Birch. Birch ndiye aliyewasoma wao, ijapokuwa hakukusudia. Hata ile harufu tamu ya ardhi baada ya matone ya kwanza hutokana kwa sehemu kubwa na kemikali iitwayo jiosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongo. Mzee anayechota udongo akaunusa kabla ya kusema neno anafanya uchunguzi wa bayolojia.

Leo maabara kadhaa za Marekani hutumia tukio hilo hilo kama kipimo: hukausha udongo, huulowesha, kisha hupima kaboni dayoksaidi inayotoka katika muda wa saa 24. Udongo wenye chakula na vijidudu wengi hutoa pumzi kubwa. Uliochoka hutoa ndogo.

Faida ya kuwapima wakazi badala ya kungoja mboji yenyewe ni kwamba wakazi hutoa habari mapema. Nchini Denmark lilikuwako jaribio ambalo mabua ya nafaka yalirudishwa shambani kila mwaka kwa miaka 18. Watafiti walipochunguza, kama walivyoripoti mwaka 1987, mboji yote ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 5 tu, kiasi ambacho mtu asiye makini angekiona kuwa makosa ya upimaji. Lakini uzito wa vijidudu walio hai ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya theluthi. Mkulima wa Kiomboi hawezi kungoja miaka 18 ili ajue kama kuacha kuchoma mabua kumemfaa. Anahitaji dalili katika misimu miwili au mitatu.

Utaratibu wetu wa sasa hauwezi kumpa dalili hiyo. Nilipokuwa nikisomea udaktari Ulaya, udongo wa kuchunguzwa uhai wake uliwekwa katika jokofu ukiwa na unyevu wake, na kazi ilianza mapema, kwa sababu sampuli hubadilika kila siku inayopita. Sampuli ya Iramba ikitakiwa kufika Mlingano, Tanga, au Morogoro, itasafiri ndani ya mfuko katika joto la basi, na ikifika itakaushwa, itapondwa na kupitishwa katika chekeche la milimita 2. Kwa kupima fosforasi hilo halina neno. Kwa kupima uhai ni kama kumpima mtu mapigo ya moyo baada ya kumsafirisha kwenye buti la gari. Yafaa kipimo kiufuate udongo.

Nawageukia sasa walimu wa kemia. Kila mwaka vijana wetu hujifunza titresheni ya asidi na besi, wakapata jibu ambalo mwalimu analijua tangu jana, kisha wakamwaga kila kitu kwenye sinki. Titresheni hiyo hiyo hupima pumzi ya udongo. Chukua gramu 100 za udongo uliokaushwa kivulini na kuchekechwa, uweke katika chupa ya mdomo mpana ya kadiri ya lita 1, uuloweshe kiasi cha nusu ya maji unayoweza kuyashika. Ndani ya chupa hiyo simamisha kikopo kidogo chenye mililita 20 za sodiamu haidroksaidi ya mola 0.1. Funga kifuniko kisipitishe hewa. Andaa chupa nyingine ya namna hiyo isiyo na udongo, kwa kuwa hewa ya kawaida nayo ina kaboni dayoksaidi. Baada ya saa 24, pima haidroksaidi ya kila kikopo kwa asidi haidrokloriki ya mola 0.1, kiashiria kikiwa finoftalini. Kikopo kilichokaa na udongo kitataka asidi pungufu. Kila mililita 1 iliyopungua ni sawa na miligramu 1.2 za kaboni iliyopumuliwa. Rangi hufifia polepole kuliko vijana walivyozoea, kwa sababu ya kaboneti iliyomo, basi wapewe subira. Macho yalindwe, maana haidroksaidi huunguza. Shule isiyo na bureti za kutosha yaweza kuanza na maji ya chokaa na kutazama ni chupa ipi inayogeuka maziwa kwanza.

Wenzangu wengine watapinga kwamba pumzi ni kipimo kigeugeu. Wana haki. Udongo uliopimwa Oktoba na uliopimwa Februari haulinganishwi, na pumzi kubwa mara baada ya plau yaweza kuwa dalili ya mboji inayoteketea, si ya afya. Namba moja peke yake haina maana. Ndiyo sababu nasisitiza ulinganisho: udongo wa aina moja, siku moja, chupa za aina moja, ila shamba moja lilichomwa mabua na la pili halikuchomwa, moja lilipata samadi na la pili halikupata, na daima sampuli moja kutoka chini ya kichaka kisicholimwa, ili ijulikane udongo huo ungeweza kuwa nini. Kigeugeu hicho, tena, ni somo zuri kwa vijana waliozoeshwa kuamini kwamba sayansi hutoa jibu moja nyuma ya kitabu.

Ziko dalili nyingine zisizohitaji hata kemikali. Kitambaa cha pamba tupu, kisicho na nailoni, kikizikwa sentimita 10 wakati wa mvua na kufukuliwa baada ya miezi miwili, huonyesha kwa matundu yake jinsi kuvu na bakteria walivyofanya kazi. Bonge kavu la udongo likitumbukizwa polepole katika glasi ya maji, lile lenye mboji hukaa, lisilo na mboji humomonyoka mbele ya macho. Mzizi wa karanga au kunde uking'olewa wakati wa maua una vinundu. Kinundu kikikatwa kikaonekana chekundu ndani, bakteria wake wanatega nitrojeni ya hewa. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi.

Wakati wa kufaa kuanza, kwa maoni yangu, ni Oktoba. Mvua za kwanza huja shule zikikaribia kufunga, lakini chupa ya maabara haingoji mawingu: udongo wa Oktoba umekwisha kukaushwa na jua la Singida bila gharama, na mwalimu ndiye atakayeinyesha mvua darasani. Udongo uchukuliwe kina cha sentimita 15, mahali pasipopungua 10 katika kila shamba, uchanganywe katika ndoo safi. Daftari liandikwe tarehe, mahali, zao la msimu uliopita, na kama mabua yalichomwa, yaliliwa au yaliachwa. Nakala apewe mwenye shamba, na ya pili afisa ugani wa kata. Daftari hilo lisitupwe kidato cha tatu kinapohitimu, bali likabidhiwe kwa kidato kinachofuata, pamoja na orodha ya mashamba yale yale.